Tulikwenda Kuiona Barafu

Hapa Garissa mtu akitaja barafu sote tunaelewa kitu kimoja tu. Ni kile kipande kinachouzwa dukani mwezi wa Februari, wakati jua la utosi linachoma kama pasi na hata mbuzi wamegoma kutoka kivulini. Wengi wetu nyumbani tunasema "baraf", kwa kuwa Kisomali na Kiswahili vyote viwili vimelipata neno hilo kutoka kwa Waajemi. Theluji nayo tunaijua kwa kamusi na kwa picha za kalenda. Sasa ongeza neno la tatu, barafuto, ambalo naamini hata baadhi ya wanachama wa chama chetu cha Kiswahili hawajawahi kulitamka. Barafuto ni bonge kubwa la barafu lililolala mlimani miaka na mikaka, ambalo uzito wake wenyewe hulisukuma likateremka polepole, kidogo kidogo, kama ngamia aliyechoka. Kenya tunazo. Ziko kwenye Mlima Kenya, karibu kabisa na ikweta.

Msomaji mpendwa, mimi nimeziona. Wala usidhani nimekuwa mpanda milima wa kufungwa kamba kiunoni. Nilikwenda na Aabo, Hooyo, dada yangu na kitinda mimba wetu wa miaka saba, mwezi wa Agosti 2024, na njia tuliyopita ni ya kutembea tu, barabara ya gari inayokata msitu. Anayeweza kwenda Soko Mugdi kwa miguu na kurudi na mzigo ataiweza, mradi awe na sweta.

Lakini hatukwenda kutalii. Hebu niwaeleze kwanza kilichotupeleka.

Aabo ni mfugaji. Hata leo akiulizwa kazi yake hivyo ndivyo anavyojibu, ingawa ng'ombe hana. Jamaa zetu wamelisha pande za Lorian, lile bwawa la majani karibu na Habaswein ambako mto Ewaso Ng'iro huja kumalizikia. (Habaswein, kwa wasiojua Kisomali, ni "vumbi kubwa", na aliyelitunga jina hilo hakusema uongo.) Aabo alikuwa na ng'ombe sitini na wawili. Kisha ikaja ile kiangazi ambayo sote tunaikumbuka, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosa kunyesha vizuri, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Sitaki kusimulia mizoga, kila mmoja wetu ameiona yake. Waliobaki ni ng'ombe watatu, naye akawauza kabla hawajaanguka. Tukahamia Garissa kwa Ayeeyo.

Mwaka 2024 adeer yangu aliyeko Marekani alituma pesa, si nyingi sana, lakini za kuanzia maisha. Hapo ndipo matata yalipoanza. Binamu yake Aabo ana shamba kando ya mto Tana, anapanda vitunguu na migomba kwa kumwagilia, naye akasema, "Nunua pampu, tugawane shamba." Wazee wa ukoo wakasema, "Nunua ng'ombe, rudi Lorian kwa watu wako." Aabo akawa haendi mbele wala harudi nyuma. Usiku tulimsikia akitembea uani. Pampu ingenyonya Tana, na ng'ombe wangekunywa Ewaso Ng'iro, na mito yote miwili, kama tulivyofundishwa, hupata maji kutoka Mlima Kenya. Sasa siku moja kwenye mkahawa wa chai mtu mmoja akamwambia kwamba amesikia redioni barafu ya mlima ule inaisha, na ikiisha, mito nayo ndiyo kwaheri. Aabo alirudi nyumbani hakula. Alisema, "Kama ni hivyo, nikinunua pampu nimenunua chuma, na nikinunua ng'ombe nimenunua mifupa."

Basi abti yangu, yaani ndugu ya mama, ambaye ana duka la nguo Nanyuki, akampigia simu: "Shemeji, acha maneno ya mkahawa. Njoo uione mwenyewe. Njia ni rahisi, hata watoto wanatembea."

Ayeeyo alipoambiwa tunakwenda kuona barafu iliyo nje kwenye jua, alicheka mpaka shali ikamdondoka. "Mjukuu wangu, hiyo ni chumvi," alisema. "Mungu hawezi kuweka jua na baraf mahali pamoja."

Nikamwambia Ayeeyo kwamba hayuko peke yake. Wanachama wa chama chetu wanamjua Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Tarehe 3 Disemba 1849 Krapf alikuwa Ukambani, Kitui, mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, akauona mlima ule kwa mbali ukiwa na weupe kileleni. Mwaka mmoja kabla yake, 1848, mwenzake Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro na theluji yake. Walipoandika habari hizo Ulaya, walichekwa! Mtaalamu mmoja wa jiografia kule London, jina lake Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku kwetu, alipinga kabisa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ajabu ni kwamba Wakamba na Wakikuyu na Wameru na Wamasai walikuwa wakiutazama weupe ule kila asubuhi, na hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Safari yenyewe sitaikalia sana. Tulipanda basi alfajiri, tukavuka daraja la Tana, tukaingia Madogo, tukatoa vitambulisho hapa na pale kama ilivyo desturi ya barabara ile, tukapita Mwingi, tukafika Thika mchana, tukabadilisha gari. Jambo moja tu lilinigusa. Baada ya Thika, ukielekea Nyeri, kuna mahali panaitwa Sagana, na mto unaopita hapo unaitwa Sagana vilevile. Abiria mmoja akatuambia, "Huo ndio Tana wenu." Lahaula! Tana yetu, ambayo mwezi wa Aprili na Mei mwaka huohuo ilikuwa imefurika ikakata barabara na kuingia nyumba za watu, kule ni kijito cha heshima kinachopiga kelele kwenye mawe. Kitinda mimba wetu alisema, "Kumbe hata Tana ilikuwa mtoto." Kila tulivyopanda tulizidi kuvaa. Garissa iko kama mita 150 tu juu ya bahari, na Nanyuki iko karibu mita 2,000. Sweta tulizonunua Soko Mugdi, ambazo muuzaji alituuzia huku akicheka, zilitoka mfukoni zote usiku ule.

Asubuhi abti alituamsha kwa swala ya alfajiri kisha akatupakia kwenye pikapu yake. Alisema mlima huu ni kama bi harusi: hujifunua mapema, na saa nne ikifika umeshajifunika mawingu. Tulisimama kwenye mashamba upande wa Naro Moru kabla ya kuingia msituni. Upande huo ni magharibi ya mlima, kwa hiyo jua lilikuwa linachomoza nyuma yake, na kitu cha kwanza tulichoona kilikuwa cheusi tititi, kama jino lililovunjika. Sote kimya. Halafu jua likapanda, weusi ukaanza kugawanyika, na katikati ya majabali yakatokea madoa meupe.

Mwelekezi tuliyemkodi, kijana wa hapohapo, alitupa darubini. Akatuonyesha Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, kisha Nelion, mita 5,188, vimebanana kama pacha. Majina hayo ni ya malaibon wa Kimasai. Kile cha tatu, Lenana, mita 4,985, ndicho ambacho watu wasio na kamba hufika, na ndiko Kisoi Munyao alikoipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Disemba 1963. Doa lililokaa ubavuni chini ya Batian, alisema, ni barafuto ya Tyndall. Na ile ya Lewis, iliyo kati ya Nelion na Lenana, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Iliyokuwa?" Aabo akauliza. Aabo hakosi neno.

Hapo mwelekezi akatupa hesabu. Mwaka 1899 Mwingereza Mackinder alipofika Batian pamoja na Waitaliano wawili, Ollier na Brocherel, mlima huu ulikuwa na barafuto kumi na nane. Leo zaidi ya nusu hazipo. Ile iliyoitwa Gregory imekwisha kabisa. Lewis ilipimwa mwaka 1934 ikapimwa tena 2010, ikaonekana imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na tangu hapo imekatika vipande. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 ikisema kwamba kwa mwendo huu barafu ya Mlima Kenya huenda ikamalizika katika miaka ya 2030. Nikapiga hesabu yangu. Kitinda mimba wetu atakuwa bado hajaoa.

Aabo alikaa na darubini muda mrefu mpaka Hooyo akamnyang'anya. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno usiku uleule. Mwelekezi alikuwa ametueleza kwamba wengi husema jina la Kirinyaga, na lile la Kikamba, Kiinyaa, ambalo ndilo lililozaa jina la nchi yetu, linahusiana na mbuni, kwa sababu mlima una weusi na weupe kama mbuni dume. Aabo amewaona mbuni maisha yake yote pande za Lorian. Sisi tunawaita gorayo. Akasema, "Ni kweli ni gorayo. Lakini gorayo huyu ananyonyoka manyoya."

Basi tukaenda langoni. Lango la Naro Moru liko mita 2,400 hivi, na kutoka hapo mpaka mahali panapoitwa Met Station, penye vyumba vya wapanda milima, mita 3,050, ni kama kilomita kumi. Abti alimpakia Hooyo na chakula kwenye pikapu, sisi wengine tukatembea. Mwanzoni dada yangu na mimi tulikwenda kwa mbio za Garissa. Dakika kumi tu, pumzi ikatuishia! Hewa ya kule ni nyembamba. Mwelekezi alicheka akasema, "Pole pole, hapa hakuna tuzo ya wa kwanza." Aabo peke yake alitembea kama alivyozoea, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, maawis yake chini na koti la mitumba juu. Watalii wawili waliokuwa wanateremka walimtazama sana. Nadhani walifikiri yeye ndiye mwelekezi.

Msitu, wenzangu, siwezi kuueleza kwa mtu aliyezoea migunga yetu. Kwanza ni miti mirefu, mwangati na mipodo, ambayo ukitafuta mwisho wake kofia inaanguka. Halafu ghafla ni mianzi, mianzi mitupu, imesimama kama askari na inalia ikisuguana. Juu zaidi ni miti mifupi iliyopinda inayoitwa hajenia, imevikwa kuvumwani ndefu kama ndevu za mzee, kila tawi. Kila kitu kina kingine juu yake. Jiwe lina kuvumwani, kuvumwani ina jani, jani lina tone la maji. Tuliwaona kima, tukaona ndege wa kijani ambaye akiruka mbawa zake ni nyekundu kama damu. Tukaona pia kinyesi cha ndovu, kibichi, kinatoa moshi, na hapo hatukuhitaji kuambiwa tukaribiane. Aabo aliinama akatazama nyayo pembeni, akasema, "Nyati, wawili, usiku." Mwelekezi akatazama, akakubali. Kuanzia hapo akawa anamwita Mzee kwa heshima ya pekee.

Sasa jambo lililotushangaza ni hili. Ukishaingia msituni, mlima huuoni. Barafu tuliyokwenda kuiona ilikuwa imefichika kabisa, na badala yake kila mahali ni maji. Hayakuwa maji mengi ya kutisha. Yalikuwa yanachuruzika: ukingo wa barabara unalia, mizizi inalia, na bondeni unasikia mto Naro Moru unanguruma. Mvua ilikuwa hainyeshi. Aabo akasimama, akaibonyeza kuvumwani kwenye shina la mti kwa kiganja, kama mtu anayekamua sifongo. Maji yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Haya yametoka kwenye barafu?" akauliza.

"La, Mzee," mwelekezi akajibu. "Haya ni ya ukungu na mvua."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kwa dhati, nami nilikaa karibu nisikose neno. Kwa ufupi ni hivi, na mwalimu wetu wa Jiografia amenithibitishia baadaye. Barafuto za Mlima Kenya ni ndogo mno kulisha mito mikubwa. Maji yanayoyeyuka kutoka kwake ni sehemu ndogo sana ya maji ya Tana na ya Ewaso Ng'iro. Kinachoilisha mito ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na yale matopetope ya nyasi yaliyo juu ya msitu, ambayo hufyonza maji wakati wa mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Miteremko ya kusini mashariki ya mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisi Garissa tunapata 300 na kitu, tena mwaka ukiwa mwema. Kwa hiyo mlima ni pipa, lakini pipa lenyewe ni miti na udongo. Barafu ni kifuniko tu. Kifuniko kikiyeyuka ni dalili kwamba joto limezidi na majira yamevurugika, na hilo ni baya vya kutosha, lakini si kwamba asubuhi yake mito itakatika.

Aabo alinyamaza kidogo, akasema kwa Kisomali, nami nikamtafsiria mwelekezi: "Kumbe ng'ombe wangu walikuwa wanakunywa msitu."

Mwelekezi akasema ndiyo, na akaongeza kwamba msitu nao ulinusurika kwa bahati. Mwaka 1999 ulifanywa uchunguzi kwa ndege ndogo, ikaonekana watu wanakata mwangati na kuchoma makaa kila upande, na wengine wamelima bangi ndani kabisa. Mwaka 2000 Shirika la Wanyamapori likakabidhiwa msitu wote kuulinda. Mpaka leo, alisema, bado ni paka na panya. Mimi nilimfikiria marehemu Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri hukohuko, na jinsi watu walivyomdhihaki kwa kusema ukweli huu miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 2004.

Tulifika juu saa saba. Hooyo alikuwa ameshatandika mkeka: anjera, nyirinyiri na chai ya tangawizi kwenye chupa. Kileleni kulikuwa na mawingu tu. Kabla hatujamaliza kula, anga ikapasuka, ikashuka mvua ya mawe! Kitinda mimba wetu alikimbia nje, akakinga kofia, akarudi na kofia imejaa punje nyeupe, anapiga kelele "Baraf! Baraf!" Hiyo ndiyo barafu pekee ya mlima tuliyoigusa siku ile. Aliitia chache mdomoni, akatangaza kwamba haina sukari. Mvua ilipokatika, Aabo alishuka kwenye kijito kilichopita pembeni ya barabara ili atawadhe. Alipoyatia maji usoni alipiga ukelele uliomfanya abti aangushe kikombe. Ulikuwa ukelele wa furaha, na tangu ng'ombe waishe sikuwa nimeusikia.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na kwa maoni yangu sehemu muhimu kuliko zote ilikuwa chini, nje ya msitu, mahali ambapo mtalii hasimami.

Tulipokuwa tunarudi Aabo alimwomba abti asimamishe gari karibu na mto. Pale mto ulikuwa umechomwa mabomba. Kuna mashamba makubwa upande ule, ya maua na mboga za kupelekwa Ulaya, na kuna wakulima wadogo pia, kila mmoja ana ekari yake ya viazi na kabeji. Mzee mmoja Mkikuyu alikuwa anarekebisha bomba lake. Aabo akamsalimu, akauliza maji yale yanakwenda wapi. Yule mzee akaeleza bila kinyongo: wana chama cha watumiaji wa maji, na wakati wa kiangazi mto ukipungua wanafunga mabomba kwa zamu, huyu leo, yule kesho.

"Na zamu yetu ni lini?" Aabo akauliza.

Yule mzee hakuelewa. "Kwani nyinyi ni watu wa wapi?"

"Habaswein."

"Habaswein ya Wajir? Na nyinyi ni watu wa mto huu?"

Aabo akachora mchangani kwa fimbo. Naro Moru unaingia Ewaso Ng'iro, Ewaso Ng'iro unashuka Archer's Post, unapita Merti, unafika Lorian. Akasema kwamba akiwa kijana maji yalifika kwa wingi mpaka viboko walikuwapo, na kwamba mara nyingi sasa, miezi ya Januari na Februari, ukifika mtoni unakuta mchanga na nyayo za wenzako waliokuja kukuta mchanga. Alisimulia bila ukali, ndiyo maana ilimwingia mwenzake. Yule mzee alishika kiuno, akautazama ule mchoro kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, miaka yote hii sisi hugawana maji na majirani tunaowaona. Hakuna aliyetuambia mto una mkia mrefu hivyo."

Mimi nilitaka kusema kitu cha maana, kwa kuwa nilikuwa nimeshatafsiri mchana kutwa na ulimi ulikuwa moto, lakini sikupata neno. Naye yule mzee ana watoto wa kusomesha kwa viazi vile. Si mwizi. Aabo naye hakusema kwamba ni mwizi. Walibadilishana nambari za simu, mzee akatupa kabeji tatu kubwa kama vichwa vya ndama, Aabo akampa nyirinyiri iliyobaki kwenye mkebe. Tukaondoka.

Wapo mtakaouliza: Ayeeyo aliamini? Alionyeshwa picha kwenye simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema inaweza kuwa ni baraf lakini chumvi nayo hufanana.

Na Aabo? Hakununua ng'ombe. Wala hakununua pampu, kwa sababu mafuriko ya mwezi wa Aprili yalikuwa yamezoa pampu ya binamu yake na nusu ya migomba, na alisema hawezi kukimbia ukame akaangukie gharika. Mwezi wa Oktoba 2024 alinunua ngamia wanne wa maziwa. Ngamia hula majani ya miti na huvumilia siku nyingi bila kunywa, kwa hiyo, kwa maneno yake, hawamngojei mtu awafungulie bomba. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakaja kunywa maziwa. Mmoja wa ngamia hao ameshazaa.

Ile nambari ya Naro Moru anayo bado. Kila Ijumaa baada ya swala humpigia yule mzee simu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, sauti juu kama anayeita ng'ambo ya mto, na Hooyo hulalamika kwamba anauliza hali ya mto kabla ya kuuliza hali ya watoto.